Ndoo Moja kwa Siku: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Maji, Afya na Shule za Arusha na Kilimanjaro

Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa na Wilaya, Wakurugenzi wa Halmashauri, Mameneja wa RUWASA (wakala wa maji vijijini) na wa mamlaka za maji mijini, Waganga Wakuu na Maafisa Elimu,

Tunawasalimu kwa heshima.

Kwa utaratibu wa nchi, mwananchi wa kijijini anapaswa kupata lita 25 za maji kwa siku kutoka kituo kisichozidi mita 400 na makazi yake. Familia ya watu watano ina lita 125 basi. Zifuate ndani ya nyumba uone zinakokwenda: nguo, vyombo, kuoga, kupiga deki, ndama aliyefungwa nyuma ya nyumba. Zinazoingia mdomoni, ukijumlisha ya kunywa, uji, chai, mboga na ugali, zinatosha kwenye ndoo moja ya lita 20. Ombi letu ni ndoo hiyo. Ilindwe dhidi ya floridi, madini yaliyoyeyuka majini ambayo yakizidi huharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanajengwa, kabla ya lita nyingine zote, na tuanze na nyumba na shule zenye watoto ambao hawajatimiza miaka minane.

Kila suala hili linapofika kwenye kikao cha bajeti hujibiwa kwamba kuondoa floridi kwenye maji ya kijiji kizima ni gharama kubwa. Ni kweli kabisa. Lakini shati halihitaji kufuliwa kwa maji yaliyoondolewa floridi, na maji ya kuoga hayaharibu jino la mtu. Hesabu ya gharama inatisha kwa sababu tunaipiga kwa lita 125, wakati madhara yanapita kwenye lita 20.

Kwa nini miaka minane? Jibu liko kwenye enameli, lile gamba la nje la jino. Ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Kwa uzito, karibu asilimia 96 yake ni madini. Mfupa ukivunjika huunga, ukucha ukikatika huota. Enameli haina bahati hiyo. Chembe hai zinazoijenga hufanya kazi jino likiwa bado ndani ya ufizi, na likishachomoza zinakuwa zimekwisha. Kosa lililofanyika wakati wa kuijenga mwili hauwezi kulirudia na kulisahihisha.

Ujenzi wenyewe huenda hivi. Kwanza chembe hai hutandaza protini laini yenye fuwele nyembamba za kalsiamu na fosfeti ndani yake. Baadaye, katika hatua ya kukomaa, protini hiyo huvunjwavunjwa na kuondolewa, na fuwele hunenepa hadi kujaza nafasi iliyoachwa. Floridi ikizidi katika mwili wa mtoto, kazi ya kuondoa protini huchelewa. Fuwele hazinenepi vya kutosha, na jino linachomoza likiwa na vinyweleo vingi vidogo sana chini ya uso wake, ingawa ngozi yake ya juu kabisa ni ngumu na inaonekana nzima. Kwa hiyo jino lililoathirika hutoka likiwa jeupe, tena jeupe la chaki lisilong'aa. Ukahawia huja baadaye, vinyweleo vikishanyonya rangi ya chai na ya vyakula. Mashimo nayo huja baadaye: ile ngozi ngumu haina kitu imara chini yake, ikitafuniwa mahindi ya kuchoma inamomonyoka vipande.

Tunawaomba mliangalie jino moja kwa karibu. Mwite mtoto wa darasa la pili, futa kwa pamba meno yake mawili ya mbele ya juu, yaache yakauke nusu dakika, kisha mgeuzie kwenye mwanga wa dirisha. Kama athari ni ndogo, utaona mistari myeupe myembamba ikikata jino kwa upana, kama mikunjo ya maji kwenye mchanga. Jino likilowa mate, mistari inafifia. Athari ikiwa kubwa zaidi, mistari inaungana kuwa mawingu, halafu uso wote unakuwa chaki, halafu vishimo vidogo vya mviringo, na mwisho kipande kizima cha gamba hakipo. Linganisha jino la kulia na mwenzake wa kushoto: floridi huwaharibu pacha hao kwa namna moja, kwa sababu walijengwa kwa wakati mmoja. Doa lililo upande mmoja tu lina chanzo kingine, kwa mfano mtoto kuanguka na kuumia jino la utoto lililokuwa juu yake. Kipimo cha Thylstrup na Fejerskov cha mwaka 1978 kinapanga hatua hizi kutoka 0 hadi 9, na mganga msaidizi wa meno anaweza kukitumia akiwa na pamba, kioo na mwanga wa jua.

Sasa angalieni kalenda. Vichwa vya meno hayo mawili huanza kupata madini mtoto akiwa na miezi mitatu au minne, na hukamilika akiwa na miaka minne hadi mitano; vya meno mengine ya kudumu, ukiacha magego ya mwisho, huendelea kujengwa hadi karibu miaka minane. Kipindi chenye hatari kubwa kwake ni takriban miezi 15 hadi 30. Yanachomoza akiwa na miaka saba au minane. Maana yake ni kwamba doa unaloliona leo darasani liliwekwa na maji ya miaka mitano au sita iliyopita. Makosa mawili hutokana na kutojua hili. La kwanza ni la wazazi: wanaona meno ya utoto ni meupe, wanaamini maji ni salama. Meno hayo sehemu kubwa hujengwa mtoto akiwa tumboni au mchanga kabisa, na huathirika kidogo kuliko ya kudumu. La pili ni la ofisini: chanzo kipya kinafunguliwa, mwaka unaofuata watoto bado wana madoa, mradi unaonekana haujasaidia. Mtoto aliyezaliwa 2022 atatoa ushahidi wake 2029 au 2030. Kwa sababu hiyo tunaomba meno ya watoto wa darasa la pili yapimwe sasa, shule kwa shule, ili siku hiyo ikifika pawepo na cha kulinganisha.

Kuhusu kiasi. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4.0, kwa sababu ya uhaba wa vyanzo bora, kabla ya kushuka hadi 1.5. Kwa hiyo kuna visima vilivyopewa cheti cha "yanafaa" kwa kiwango cha zamani, na cheti hicho kisiachwe kiendelee kutumika kwenye faili. Lakini hata hiyo 1.5 iangaliwe kwa macho ya mtoto. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kwa mtoto wa chini ya miaka minane ni kama miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye kilo 10 asizidishe miligramu 1. Akitumia lita moja kwa siku, nusu ya kunywa na nusu kwenye uji, maji ya miligramu 4 yanampa mara nne ya kiwango chake. Maji ya 1.5 yanampa mara moja na nusu. Kwa ndoo ya mtoto lengo letu liwe chini ya 1.0.

Wengine hushangaa kusikia kwamba Marekani wanaongeza floridi kwenye maji ya bomba, nao wanalenga 0.7. Hakuna mgongano hapo. Floridi kidogo inayopita juu ya jino lililokwisha kuchomoza huzuia kutoboka. Inayodhuru ni ile inayomezwa kwa wingi wakati jino linajengwa. Ndiyo maana dawa ya meno yenye floridi iendelee kutumika hata kwetu: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, cha njegere kuanzia mitatu hadi sita, mzazi akisimamia na mtoto akifundishwa kutema. Meno yenye vishimo hushika uchafu na kutoboka upesi zaidi. Kuyanyima dawa ya meno ni kuyaongezea adhabu.

Floridi yetu inatoka kwenye mawe na majivu ya volkano, hasa ya Mlima Meru. Maji yanayopita humo huwa na magadi mengi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwepo ya kutosha ingeifunga floridi ikazama. Isipokuwepo, floridi inabaki imeyeyuka. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Weusi wa mto Maji ya Chai si floridi, na chemchemi inayong'aa kama kioo inaweza kuwa na kiasi kilekile au zaidi. Maji laini yanayotoa povu haraka na kuteleza mkononi ni ya kutiliwa shaka, lakini hiyo ni dalili tu. Chemchemi mbili zilizo jirani zinaweza kutofautiana mara kadhaa, na kuchimba kirefu zaidi hakuleti nafuu. Mara nyingi kina kinaongeza floridi, kwa kuwa maji ya chini yamekaa na mwamba muda mrefu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni namba. Kila kituo cha kuchotea maji kipimwe mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa masika na mwishoni mwa kiangazi, na namba ipakwe rangi kwenye zege la kituo, kwa tarakimu zinazosomeka kutoka barabarani, pamoja na tarehe. Sampuli ichukuliwe kwa chupa ya plastiki iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale, baada ya kuacha bomba litiririke dakika chache. Maabara itumie elektrodi ya floridi (kijiti cha kupimia kwa umeme) pamoja na kiowevu cha kurekebisha asidi, ambacho pia huiachilia floridi iliyoshikwa na alumini. Bila kiowevu hicho, maji yaliyosafishwa kwa shabu (chumvi ya alumini ya kusafishia maji) husomeka chini kuliko yalivyo, na watu wakapongezana bure.

Mijini, pale maji ya visima vyenye floridi kidogo yanapochanganywa na ya vyanzo vya zamani, tatizo huwa saa za kazi. Tanki linalopokea nusu kwa nusu maji ya 0.5 na ya 5.0 hutoa 2.75, ambayo tayari imepita ukomo. Umeme ukikatika kwenye kisima cha mbali chenye maji mazuri huku kisima cha karibu kikiendelea kusukuma, mtaa unapata 5.0 kwa siku nzima na hakuna anayegundua. Tunaomba pampu hizo zifungwe kwa utaratibu mmoja: ya maji mazuri ikizima, ya maji makali, yaani yenye floridi nyingi, nayo isimame, au itoe maji kwa laini isiyokuwa na shule wala kliniki.

Vijijini, chanzo rahisi cha ndoo ya mtoto ni mvua, ambayo karibu haina floridi kabisa. Bati la mita za mraba 40, mvua ya milimita 700 kwa mwaka, na tuseme asilimia 20 inapotea: zinapatikana lita 22,400. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba kina siku 153, na ndoo moja kila siku ni lita 3,060. Simtanki ya lita 5,000 inavuka kiangazi na kubakiza. Maji ya kwanza ya msimu yaachwe yapite na vumbi la bati, mdomo wa tanki uwekwe wavu, na maji ya kunywa yatiwe klorini au yachemshwe. Kama hayatoshi, yachanganywe: ndoo tatu za mvua na moja ya kisima cha miligramu 6 zinatoa 1.5, ambayo ni ukomo wenyewe, hivyo kwa ndoo ya mtoto mvua iongezwe. Kinachoua mpango huu ni tanki kufuliwa nguo mwezi wa Julai. Tanki la shule na la kliniki liwe na bomba lenye kufuli, na ufunguo ukae kwa mpishi wa uji.

Pale ambapo mvua haitoshi na maji si makali sana, kuna njia ya shabu na chokaa. Ndoo mbili za lita 20, ya kwanza ikiwa na bomba lililo sentimita 5 juu ya kitako. Gramu 12.8 za shabu na gramu 6.4 za chokaa ziyeyushwe kwanza kwenye kikombe, zimwagwe, zikorogwe kwa kasi dakika moja, kisha polepole dakika tano, ziachwe saa moja. Maji yafunguliwe kwa bomba, yapite kwenye kitambaa safi hadi ndoo ya pili. Makosa tunayoyajua ni manne. Shabu hupimwa kwa kijiko wakati imeshaganda kwa unyevu, hivyo kipimo kinapungua. Chokaa husahauliwa, maji yakawa na uchachu na alumini nyingi. Ndoo huinamishwa badala ya kufunguliwa bomba, na tope linapita. Na lile baya kuliko yote, maji huachwa juu ya tope mpaka asubuhi, floridi ikarudi kwenye maji. Dawa yake ni vifuko viwili vilivyopimwa tayari kwa mizani, vigawiwe kliniki pamoja na maelezo. Lakini njia hii huondoa kama theluthi mbili ya floridi au zaidi kidogo. Maji ya 4 yatafika karibu na 1.3, ya 10 yatabaki juu ya 3. Isipelekwe Ngarenanyuki au Oldonyosambu penye maji makali ikaitwa suluhisho.

Kwa maji makali tunasisitiza mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Mfupa umejengwa kwa madini ya jamii moja na enameli, na hushika floridi kwa tabia ileile inayotuletea madhara. Mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni huchomwa kwa nyuzi 400 hadi 600 za sentigredi, hewa ikiwa imebanwa. Ikichomwa kidogo hubaki na mafuta, maji yakanuka na watoto wakakataa kunywa. Ikichomwa kupita kiasi huwa myeupe na uwezo wake hushuka. Itwangwe iwe kama chenga za mchele, ichekechwe kuondoa unga unaoziba, ioshwe mpaka maji yatoke meupe. Na isemwe wazi ni mifupa ya mnyama gani na ametoka machinjio gani. Swali hilo mzazi analo hata asipoliuliza.

Hesabu ya shule moja: wanafunzi 300, lita moja kila mmoja kwa kunywa na uji, maji ya miligramu 8 yashuke hadi 1. Kila lita inaacha miligramu 7 kwenye mkaa. Tukikadiria kwa tahadhari gramu 2 za floridi kwa kilo moja ya mkaa, kilo 100 zinabeba gramu 200, yaani kama lita 28,500. Hizo ni siku 95 za masomo, nusu ya mwaka wa shule. Kilo 100 zinaingia kwenye pipa la lita 200. Maji yasipite kwa zaidi ya lita 2 kwa dakika, kwa hiyo lita 300 zinahitaji saa mbili na nusu. Yachujwe jioni na kulala kwenye tanki dogo la lita 500 lenye mfuniko.

Mapipa haya yanapofeli, hufeli kimya. Mkaa ukishiba, maji yanaendelea kutoka safi, matamu, na floridi yote ndani. Tumelieleza hili mara nyingi na tutalirudia: pipa lisilo na mita ya maji lisifungwe. Mita ikifika lita 20,000 maji yapimwe kila wiki mbili. Ikifika 28,000 mkaa ubadilishwe bila mjadala. Fedha ya kilo 200 za mkaa kwa mwaka iwe kwenye bajeti ya shule kabla ya pipa kununuliwa, na jina la anayesoma mita liandikwe ukutani.

Yapo mambo ambayo hayahitaji hata senti, nayo yako mikononi mwa kliniki za mama na mtoto. Ujumbe wa "chemsha maji" unaua vijidudu, lakini hauondoi floridi, unaizidisha. Lita 5 za maji ya miligramu 4 zikichemka hadi zikabaki 4, kila lita ina 5. Mama aambiwe yote mawili: achemshe maji ya ndoo iliyosafishwa, afunike sufuria, na azime yakishatokota. Maziwa ya mama yana floridi kidogo sana hata kama yeye anakunywa maji makali, kwa hiyo miezi sita ya kunyonyesha bila kuongeza kitu ni ngao ya jino pia. Hatari huanza na kikombe cha kwanza cha uji, na chai ya rangi kwa mtoto inaiongeza, maana majani ya chai yenyewe hubeba floridi.

Moshi kuna jambo lake. Vijiji vya juu Kilimanjaro vina maji yenye floridi kidogo, na bado watoto wenye meno ya madoa wamepatikana huko. Kinachotiliwa nguvu na uchunguzi ni magadi ya kulainishia maharage, kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage) na makande. Magadi hutofautiana sana, na mengine yana zaidi ya miligramu 1,000 za floridi kwa kilo. Gramu 5 za magadi hayo ni miligramu 5 ndani ya chungu. Maharage yakilowekwa usiku kucha na maji ya kuloweka yakamwagwa, yanaiva bila magadi. Kwenye maji makali makande yana tatizo la pili, la kuongezewa maji yakikauka. Lita 7 za maji ya miligramu 5 zikiisha kwenye chungu kimoja zimeacha humo miligramu 35, kwa kuwa mvuke hauondoki na floridi. Mtoto akila sehemu moja ya kumi, ameshapata 3.5 kabla hajanywa maji. Afisa wa afya akifika nyumbani aulize vyote viwili, bomba na magadi.

Na walimu wasaidie hili: mtoto mwenye meno ya kahawia asiambiwe hapigi mswaki. Mkaa, majivu na chumvi havifiki kwenye doa lililo ndani ya enameli, na vinakwangua kile kidogo kilichobaki. Madoa mepesi tabibu wa meno anaweza kuyapunguza kwa kukwangua tabaka jembamba mno, mengine huzibwa kwa nyenzo ya rangi ya jino. Huduma hizo ziwekewe bei ambayo kijana anayetafuta kazi anaweza kuilipa katika hospitali za wilaya.

Tunachoomba kifanyike kabla ya Oktoba ni hiki: namba kwenye kila kituo, kuanzia vilivyo karibu na shule za msingi na kliniki, orodha ya shule ambazo maji yake yamepita 1.5, ibandikwe kwenye ofisi za kata. Na fedha ya mapipa, mita na mkaa kwa shule kumi zenye namba kubwa zaidi katika kila halmashauri. Kupima, kufundisha wapishi wa uji na kusoma meno ya darasa la pili tuko tayari kushiriki, mkituita.

Wenu katika kazi,
Matabibu wa meno na mafundi wa maabara za maji,
Arusha na Moshi